Riwaya Tulizozisoma na Jinsi Tulivyoziona

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Keroka)



Mmetutaka tuwaeleze habari za riwaya tulizozisoma miezi hii. Sisi si walimu, wala hatukuja kusahihisha mtihani wa mtu. Tu wapenda kusoma tu, tukutanao hapa Keroka Jumapili alasiri, kwa kuwa mji huu una mguu mmoja Kisii na mguu mmoja Nyamira, na hivyo hakuna awezaye kusema kwamba nauli imemwonea yeye peke yake. Mmoja husoma kwa sauti, wengine husikiliza. Wako kati yetu wasiojua kusoma, na hao ndio mahakimu wakali, maana hawasahau neno.

Msidhani jambo hili ni geni. Ngugi wa Thiong'o aliandika riwaya kwa Kikikuyu katika jela la Kamiti, juu ya karatasi za chooni, ikatolewa mwaka 1980. Watu walisomeana majumbani, katika matatu, hata katika baa, na msomaji wa baa akiona glasi tupu alinyamaza palepale patamu mpaka aongezewe. Msomaji wetu sisi hulipwa chai ya rangi.

Kitabu kilichotushika zaidi ni Kuli, cha Shafi Adam Shafi wa Unguja, kilichochapwa Dar es Salaam mwaka 1979. Ni habari za makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948, yaani baada ya ule mgomo mkubwa wa Mombasa wa Januari 1947. Kijana Rashidi aingia katika kazi ya ukuli, naye polepole afunguka macho.

Twamsifu mwandishi huyu kwa kuwa aijua kazi. Waandishi wengi humwonyesha mfanya kazi akiwa nyumbani ana njaa, au njiani amelewa, lakini zile saa za kazi zenyewe wazifumbia macho. Shafi hafumbi. Mzigo wake ni mzito kweli. Ndugu mmoja abebaye mawe kule Tabaka alituomba turudie ukurasa, akawa anajishika shingo wakati tunasoma.

Lakini hatukukipokea chote. Twaona kwamba Rashidi akiisha kuzinduka, huanza kusema kama karatasi ya tangazo la chama. Sisi tumekaa katika chama miaka mingi, na hatujamwona mtu aliyezinduka akaacha kuogopa siku hiyohiyo.

Hapo ndipo mama mmoja alipoomba nafasi ya kusema. Alichuma chai upande wa Kericho miaka mingi, mpaka mashine za kuchuma zilipoingia na kazi ikamwisha. Akasema, "Mgomo nimeusikia. Lakini nyumba ya mtu aliyerudi kazini siku ya tatu, mbona sikusikia habari zake vya kutosha? Nataka kujua alimwambia mkewe nini." Mtu akamjibu kwamba huyo ni msaliti tu, hana haja ya kuandikiwa kitabu. Mama akasema, "Basi msaliti ni mimi. Unga ulikwisha siku ya pili, na mtoto alikuwa mgonjwa."

Katika chumba kile alikuwamo ndugu aliyegoma mgomo huohuo, akakaa nje mpaka mwisho. Tulimtazama. Hakusema kitu. Kitabu kilifungwa mapema siku ile, na kwa kweli tulidhani kikundi kimevunjika. Jumapili ya pili mama alikuja na ndugu yule alikuja, wakakaa benchi moja, si karibu sana. Hatujawauliza, wala hatutawauliza. Twasema tu kwamba swali la mama ni la haki, na mwandishi wa kesho akitaka kuandika mgomo, aanzie katika nyumba hiyo.

Shafi huyohuyo aliandika Kasri ya Mwinyi Fuad, mwaka 1978. Mle yumo Kijakazi, mtumishi ampendaye bwana anayemdharau, hata Mapinduzi ya 1964 yalipokuja hakujua afurahi au alie. Vijana wetu walimkasirikia sana. Wazee walicheka kwa uchungu, kwa maana wamewahi kupewa koti kuukuu na bwana shamba wakalisifia mwaka mzima. Kwa maoni yetu, Kijakazi ni mtu kamili kuliko Rashidi.

Riwaya ile ya jela tuliisoma kwa Kiswahili, Shetani Msalabani, iliyotolewa mwaka 1982. Wariinga, karani wa ofisini, afukuzwa kazi kwa kumkataa mkubwa wake. Tulipofika hapo tulipata taabu tusiyoitazamia. Nanyi mwajua chinsoni zetu Abagusii: chumbani alikuwamo mzee pamoja na mke wa mwanawe. Msomaji akakohoa, akaruka kurasa mbili. Wanawake wakamshika. Wakasema jambo hilo ndilo wanalolijua mashambani, ya kwamba msimamizi humpa mtu kazi nyepesi kwa bei isiyoandikwa, na kama chama hakiwezi kulisikia kitabuni, kitalisikia wapi? Mwisho wazee walitoka wenyewe wakaota jua nje, kurasa zile zikasomwa zote, wakaitwa ndani. Hivyo heshima ilikaa, na habari ilisikiwa.

Mashindano ya wezi na wanyang'anyi katika kitabu hicho yamekuwa marefu mno. Tulicheka wezi watatu wa kwanza, baadaye watu wakaanza kuuliza saa. Lakini Wariinga kushika spana na kuwa fundi wa magari kuliwapendeza mabinti kupita kiasi.

Kitabu cha Meja Mwangi, Going Down River Road, cha mwaka 1976, kiko kwa Kiingereza, na kijana wetu mmoja alitufasiria papo hapo, mara Kiswahili mara Ekegusii. Ni watu wa mjengo Nairobi. Pombe imezidi. Ila pale wake wawili wa Ocholla wanapotoka nyumbani na watoto wote kumfuata katika kibanda chake, hakuna mwanamume aliyecheka kwa raha hapa. Kila mmoja alifikiri juu ya chumba chake cha mjini.

Katika vitabu vyote hivi hatukumkuta mchuma chai, na kutoka hapa hadi Kebirigo na Nyansiongo ni chai tu. Mama yule ameanza kutusimulia maisha yake, kidogo kidogo, na binti mmoja aandika katika daftari. Yamefika mpaka siku alipopewa kikapu cha kwanza.

Nakala ya Kuli ni moja, imepoteza jalada, na iko kwa mwanachama ambaye tumemkumbusha mara mbili. Airudishe kabla ya Jumapili. Tutaanza upya kwa ajili ya walioingia karibuni. Atakayekuja na taa aje nayo ikiwa na chaji, kwa maana stima hukatika.