Kutoka Vizuka vya Pac-Man hadi Askari wa F.E.A.R.

Anayetaka kufahamu jinsi mashine ilivyofunzwa kuwa hasimu wa kustaajabisha katika michezo ya video hana budi kurejea Japani, mwaka 1980, kampuni ya Namco ilipotoa mchezo wa Pac-Man, uliobuniwa na Toru Iwatani, kijana wa miaka 25.

Kuueleza mchezo huo ni jambo sahali: duara la manjano lenye kinywa lapita katika mzingile likila nukta, huku likifukuzwa na vizuka vinne. Mushkili ulikuwa katika kufukuza kwenyewe. Kwani lau vizuka vyote vingalifuata kanuni moja, vingaliishia kuandamana msururu mmoja nyuma ya mchezaji, na mchezo ungalichusha upesi. Basi kila kimoja kikapewa tabia yake. Chekundu humwandama mchezaji hapo hapo alipo. Cha waridi hulenga miraba minne mbele yake, kimkingie njia. Cha samawati hupima kwa pamoja alipo mchezaji na kilipo kile chekundu, hata mwendo wake ukawa mgumu kubashiriwa. Na cha rangi ya chungwa humjia akiwa mbali, lakini masafa yakipungua chini ya miraba minane humwacha, kikashika njia ya pembeni.

Fauka ya hayo, uwindaji wenyewe ulitiwa mapumziko. Hatua ya kwanza huanza kwa sekunde 7 ambazo vizuka hutawanyika kila kimoja pembe yake, ndipo zifuate sekunde 20 za kuwinda, na zamu hizo hurudiwa. Maana Iwatani alitambua kwamba mtu asiyepewa nafasi ya kuvuta pumzi hukata tamaa. Hesabu chache tu, ilhali mchezaji huona kwa yakini kwamba amefanyiwa hila na maadui waliokula njama.

Miaka 25 baadaye, mwaka 2005, studio ya Monolith ya Marekani ilitoa mchezo wa F.E.A.R., ambao Jeff Orkin aliitunga akili ya askari wake kwa kutumia maarifa yaliyoasisiwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford mwaka 1971 na Richard Fikes na Nils Nilsson. Askari hapewi hatua moja moja, bali hupewa lengo na orodha ya matendo anayoyaweza, naye hujipangia mwenyewe: akiukuta mlango umezuiwa hujaribu kuuvunja, na asipofaulu huingilia dirishani. Kisha askari hao wakapewa kauli. Asiyepata pa kujisitiri humpigia mwenzake kelele kwamba hana pa kwenda, na mchezaji anayesikia hayo husadiki kwamba anakabiliana na kikosi chenye amiri na mipango, ijapokuwa kila askari alijipangia matendo yake mwenyewe.

Naam, kumtengeneza adui asiyekosa shabaha kamwe ni kazi nyepesi kwa mashine, wala haimpendezi mtu. Akili inayostahili kusifiwa ni ile inayojidhihirisha, ikamwonyesha mchezaji kusudi lake na kumwachia mwanya wa kuishinda kwa busara yake mwenyewe. Waliotunga vizuka na waliotunga askari walianza kwa kumtafakari binadamu kabla ya kuigusa mashine, na kila atakayeishika kazi hii baada yao hana mwanzo mwingine ulio bora kuliko huo.