Mwana Kupona na Wasomaji Wake

Msikilizaji, ukitaka kuwagombanisha wasomaji wa Kiswahili, watajie Utendi wa Mwana Kupona. Mwanamke huyu wa Pate aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia bintiye, Mwana Hashima. Wapo wanaouona kuwa hazina ya dini na adabu. Wengine, hasa vijana, wanaona pingu tupu: mume akandwe, apepewe, akilala asiamshwe, na pepo ya mke iwe katika radhi zake.

Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimesoma nusu. Mtunzi alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyewasumbua sana Masultani wa Zanzibar. Nyumba ile iliijua siasa, na vita pia. Na huyu anayehimiza utii ndiye aliyetaka wino na karatasi, akatunga, kisha akawaita wanawake wenzake wasome. Wasome! Karne ya 19, tena. Mtu asiyethamini akili ya mwanamke hafanyi hivyo.

Kwa hiyo, anayetaka kumlaumu au kumsifu Mwana Kupona, kwanza aufikishe utendi mwisho, hadi kwenye beti za dua.