Reli ya Kamwenge na njia yetu ya mashamba
(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, hapa Kingi)



Hapa Masisi hatuna reli. Lakini sisi tuliovuka Bunagana mwaka 2012, tukalala Nyakabande, kisha mabasi yakatupeleka Rwamwanja, reli tuliijua. Hatukuipanda hata siku moja. Tuliitembea kwa miguu.

Reli ile inatoka Kampala mpaka Kasese, kilomita zaidi ya 300. Ilifika Kasese mwaka 1956 kwa sababu ya shaba ya Kilembe. Shaba ikaisha kuchimbwa, na baadaye treni nazo zikaacha kupita. Tulipokwenda kutafuta kibarua upande wa Kamwenge, tulikuta vyuma vimeshika kutu na nyasi zimefika kifuani.

Tuliifuata kwa sababu mwenye mzigo kichwani anaipenda. Reli haipandi mulima kwa ghafla, inauzunguka polepole. Taabu yake ni vile vyuma vilivyolazwa chini: ukikanyaga kimoja kimoja hatua ni fupi, ukiruka kimoja ni ndefu. Bamama njo walitufundisha kupita pembeni. Na pale pembeni kulikuwa na kanjia kembamba, safi kabisa. Hakuna aliyelipwa kukafyeka. Ni watu wa soko na batoto wa shule, walipita kila siku. Pasipopita mtu, hata vyuma huvioni.

Sasa tumerudi. Njia yetu ya kwenda mashambani imekuwa vile vile, pori tupu. Wengine wanasema kila mutu afyeke mbele ya shamba lake. Lakini mjane asiye na kijana wa kumsaidia atapita wapi?

Tena tuko na shida ambayo kule Kamwenge hatukuwa nayo. Kule tuliingia kwenye nyasi bila woga. Hapa vita imepita, na mabomu yanaweza kuwa yamebaki chini ya majani. Njia hii hatuwezi kuifungua kwa kukanyaga tu.

Njo maana tunaomba tukubaliane mambo matatu leo.

Kwanza, mutu asiingize panga porini mbele ya watu wanaojua kazi ya mabomu kufika kupaangalia. Ukiona chuma usichokijua, usikiguse. Weka alama mbali nacho, rudi kwa njia uliyopitia, uambie wakubwa wa kijiji. Batoto tuwaambie kila jioni, hata wakichoka kusikia.

Pili, wakisha kutupa ruhusa, tufanye salongo kila Jumamosi, nyumba zote, tukianzia kwa wajane na wazee.

Tatu, njia inapita kando ya mashamba yenye magomvi. Kufyeka njia si kunyang'anya shamba. Mambo ya mipaka tuyaache kwa bazee, tuyazungumze tukiwa tumekaa.

Kwa wafadhili: hatuombi gari. Tunaomba mapanga, majembe, na mutusaidie kuwafikia hao wataalamu wa mabomu. Chakula cha siku za salongo tutachanga wenyewe, kila mutu na kilo yake ya maharagi ao viazi.

Reli ile ilikufa mzigo wake mmoja ulipoisha. Njia yetu tunataka ibebe ya wote: mbegu, makala, mgonjwa kwenye kipoyi, mtoto wa shule.

Sasa tunasikiliza maoni yenu, bamama waanze.