Jibu la Mke Si Jibu la Mume
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya kupimwa virusi vya Ukimwi. Sisi wa reli, na ndugu zetu madereva wa malori ya Mombasa mpaka Malaba, twalala mbali na nyumbani siku nyingi. Hatari yake twaijua sote. Lakini kupimwa twakuahirisha mpaka mwili ukonde. Kwa nini?

Kwanza, twaogopa kufukuzwa kazi. Basi sikieni. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yakataza mwajiri kumlazimisha mtu apimwe ndipo apate kazi. Tena yakataza kumfukuza mtu au kumnyima cheo kwa sababu ya virusi peke yake. Majibu yake ni siri. Mwanachama akionewa, na amwone katibu wa tawi upesi.

Pili, twasema, "Mke wangu alipimwa kliniki alipokuwa mja mzito, akaonekana hana, basi nami sina." Hesabu hiyo ni ya uongo. Katika nyumba moja mmoja aweza kuwa navyo na mwingine hana. Tena mume asiyejua hali yake ndiye atakayemletea mkewe.

Tatu, twasema kupimwa ni kujitafutia kifo. Zamani neno hilo lilikuwa na sababu, maana tulizika wenzetu wengi na dawa hazikupatikana. Lakini mwaka 2006 serikali ilianza kutoa dawa bure katika hospitali zake, na tangu mwaka 2016 anayeonekana navyo huanza dawa mara moja, hangoji kudhoofika. Akizimeza kila siku, virusi hupungua hata visionekane katika kipimo, na hapo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Huendelea na kazi yake na kulea watoto. Anayechelewa ndiye anayekutwa na kifua kikuu mwili umekwisha nguvu.

Kila behewa hukaguliwa breki na magurudumu kabla ya safari. Hatulioni kuwa na aibu. Kwa nini tumwonee aibu mtu?

Kipimo ni tone la damu ya kidole, na majibu hutoka kwa dakika chache. Virusi vipya vyaweza kujificha majuma ya kwanza, kwa hiyo rudia baada ya miezi 3. Na aliyejihatarisha jana asikae: aende hospitali mapema, kabla ya saa 72 kupita, apewe dawa za kuzuia.

Twaomba mambo mawili. Tawi limwombe mwajiri atupe saa za kwenda kliniki bila kukatwa mshahara, maana kliniki hufunguliwa tukiwa kazini. Nasi wenyewe tuache kumnyoshea kidole mwenzetu atokaye katika chumba cha kupimia. Chama kinachomlinda mtu mshahara wake hakina budi kumlinda na heshima yake.

Umoja wetu udumu.