Dhima ya Kiongozi Juu ya Makosa ya Watumishi Wake

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mfalme wa haki asiyemdhulumu mja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu, tunaziusia nafsi zetu, na tunakuusieni nanyi, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Katika hotuba yetu ya leo tunapenda kulizungumzia swali linalosikika sokoni, barazani na hata uwanjani mwa msikiti baada ya sala. Dawa zinapokosekana hospitalini, fedha za umma zinapoliwa, au raia anapoonewa na askari, je, mkuu wa nchi ana dhima kiasi gani? Wako wasemao kwamba kila kosa ni lake. Wako wasemao kwamba yeye ni mtu mwema, ila waliomzunguka ndio waovu. Kauli zote mbili zataka kupimwa.

Dini yetu yatufundisha kwamba hakuna nafsi itakayobebeshwa dhambi ya nafsi nyingine. Kwa hiyo karani aliyepokea rushwa ataulizwa yeye mwenyewe, wala hataokoka kwa kusema kwamba wakubwa nao wanakula. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha vilevile kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichopewa kukichunga. Mafundisho haya mawili hayapingani. Mchunga haulizwi kwa nini fisi ana meno. Huulizwa alikuwa wapi fisi alipoingia zizini, na ni nani aliyeuacha mlango wazi.

Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), aliyekuwa khalifa tangu mwaka 634 hadi 644, alilielewa vyema jambo hili. Imepokewa kwamba aliwauliza watu: akimtawalisha mtu aliye bora kwa kadiri ajuavyo, kisha akamwamrisha uadilifu, je, atakuwa ametimiza wajibu wake? Wakamjibu kuwa atakuwa ameutimiza. Yeye akakataa, akasema kwamba bado, mpaka aitazame kazi ya mtu huyo na aone kama ametenda alivyoamrishwa. Ndiyo maana alimtuma Muhammad bin Maslama kuchunguza malalamiko ya raia, na msimu wa Hija ulipofika aliwauliza mahujaji habari za watawala wao. Na ukame mkubwa ulipoishika Hijazi mwaka 639, si Umar aliyeizuia mvua. Hata hivyo aliagiza chakula kutoka Sham, akajinyima samli na nyama mpaka watu wapate nafuu.

Ndugu wasikilizaji, mfano wa karibu tunao hapa Tanzania. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu kadhaa waliokamatwa katika msako wa wauaji walifariki kwa mateso mikononi mwa watumishi wa dola. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi. Si yeye aliyewatesa watu wale. Lakini askari walikuwa chini ya wizara yake, naye akaibeba dhima hiyo, akajiuzulu Januari 1977. Kukiri dhima hakukumvunjia heshima: mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki mwaka 2024, watu walikikumbuka kitendo kile kwa sifa.

Hata hivyo tusidhani kwamba kujiuzulu kunamaliza yote. Hakumrudishii mjane mumewe. Kuondoka kwa mkubwa kuna maana pale haki inapofuata: mkosaji ahukumiwe, aliyedhulumiwa atazamwe, na njia iliyopitisha dhuluma izibwe.

Basi tumpime kiongozi kwa mambo matatu. Alimteua nani, na kwa sifa gani? Aliweka njia gani ya kuujua ukweli? Na alipoujua, alifanya nini? Aliyechagua kwa uadilifu, akachunguza, kisha akarekebisha, huyo ana udhuru mbele ya watu, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Ama yule aliyewafukuza wasema kweli akabaki na wapiga makofi, neno lake la “sikujua” halimsaidii, kwani ujinga huo ameujenga kwa mikono yake.

Nasi wananchi tusijitoe katika hesabu hii. Anayeandika katika ripoti kwamba kazi inakwenda vizuri, hali anajua kisima kimekauka, amemdanganya kiongozi na amewanyima wenziwe maji. Anayeona mali ya umma ikibebwa usiku akanyamaza kwa sababu mwizi ni jamaa yake, naye ni mchunga aliyelala. Na anayemsingizia kiongozi jambo asilo na ushahidi nalo, huyo amedhulumu pia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu macho ya kuona na masikio ya kuwasikia wanyonge, awape ujasiri wa kukiri na kutengeneza, na sisi atupe ulimi wa kweli usio na chuki. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.