Mbegu Dirishani: Neno kwa Walioacha Mashamba Yao



Somo letu ni Yeremia 29:4-10. Watu wa Yuda walikuwa wamehamishwa Babeli kwa nguvu. Kule Yerusalemu, Hanania alitabiri kwamba ndani ya miaka 2 mambo yatakwisha. Yeremia aliwaandikia wahamishwa barua nyingine kabisa: wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, tena wauombee amani mji waliomo. Bwana alikuwa ameweka miaka 70.

Sisi tunayajua maisha hayo. Tangu Oktoba 2014 ndugu zetu wa Beni wanauawa vijijini na mashambani. Wengi wamekimbilia Oicha, Beni mjini na Butembo. Mama aliyekuwa na mihogo na kakao yake leo analala na watoto katika chumba kimoja cha kupanga, hata lengalenga anainunua sokoni.

Wapendwa, tusidanganyane. Kurudi shambani mahali watu wanapochinjwa si kipimo cha imani. Shetani alimwambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, naye akakataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Na sisi wachungaji tusitangaze tarehe ya mwisho wa vita ambayo Mungu hakutuambia. Hanania alifanya hivyo. Lakini kukaa mikono kifuani nako si imani.

Basi tuanze na dirisha. Kata bidoni ya litri 5, toboa matundu chini, tia udongo laini wenye mbolea iliyooza vizuri. Panda mbegu za nyanya au kabichi, zifunike kidogo tu, nyunyiza maji kwa vidole. Maji yakizidi, mche unaoza shingoni na kuanguka. Mche huinamia mwanga, kwa hiyo geuza chombo kila siku. Beni kwenye joto mbegu hutoka upesi. Butembo kwenye baridi zinakawia, usizifukue kutazama. Baada ya majuma 4 hadi 6 miche inakuwa tayari. Juma la mwisho itoe nje saa chache kila siku, izoee jua na upepo.

Halafu itapandwa wapi? Hapa Neno linawageukia wenye parseli. Mche wa nyanya hauzai vizuri ndani ya kopo, unataka ardhi. Walawi 19:9-10 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa, ili maskini na mgeni wapate. Wewe ndugu, una ukanda wa hatua 3 nyuma ya jiko, unaota majani tu. Mwazime mkimbizi kwa msimu mmoja, bila kodi. Patana naye mbele ya mzee wa kanisa: nini kitapandwa, lini kitavunwa. Hivyo hakutakuwa na ugomvi.

Yeremia hakusema bustani ya Babeli ingemaliza uhamisho. Alisema watu wale, waishi, wasipungue, mpaka siku ya Bwana ifike.

Tuombe. Baba, linda walio porini usiku huu. Fungua mikono ya wenye ardhi. Baraka yako iwe juu ya kila mbegu iliyo dirishani, na uturudishe mashambani kwa amani. Katika jina la Yesu, Amina.