Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima: Sare za Shule

Mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni maneno manne ya leo. Yasomeni kwa sauti, polepole: sa-re, swe-ta, fu-ndi, la-ngo. Vema. Someni mara ya pili.

Neno sare mlilijua hata kabla ya kujua kulisoma. Akina mama wa kikundi wakinunua vitenge vya aina moja kwa ajili ya arusi, husema wamevaa sare. Timu mbili zikifungana bao moja kwa moja, twasema zimetoka sare. Basi sare ni kulingana, asiwepo aliye juu wala aliye chini. Likumbukeni neno hilo, maana nitalirudia.

Swali la leo ni hili. Je, yafaa shule kumlazimisha kila mtoto avae sare?

Tuwasikilize kwanza wanaosema yafaa. Wao husema hivi: mtoto aliyevaa sare hujulikana. Barabara kuu iendayo Tunduma kutoka Dar es Salaam inapita Ilula, Mafinga, Makambako, Igawa na Uyole, na malori hayapumziki usiku wala mchana. Dereva akiona kundi la mashati meupe kando ya barabara, ajua hao ni wanafunzi, na aliye na akili hupunguza mwendo. Katika daladala, sare ndiyo humfanya kondakta akubali nauli ya mwanafunzi. Hata mwenye kilabu cha ulanzi hupata aibu kumkaribisha kijana mwenye sare saa nne ya asubuhi. Mambo hayo ni ya kweli, nami sina neno juu yake.

Tena husema kwamba sare huficha umaskini. Hapo nasita kidogo. Shati jeupe huanza jeupe, lakini likifuliwa miaka mitatu kwa maji ya mto hugeuka rangi ya vumbi. Watoto wana macho. Wajua nani amevaa shati jipya, na nani amevaa la kaka yake lililokatwa mikono. Hata hivyo, tofauti hiyo ni ndogo kuliko ile ambayo ingekuwapo kama mtoto wa mwenye duka angekuja na nguo za dukani, na mtoto wa kibarua wa chai akaja na nguo ile ile ya kuchumia chai. Kwa hiyo sare haifuti umaskini. Huupunguza makali tu.

Wengine hudhani kaptula na shati vilikuja pamoja na shule, wala haviwezi kubadilishwa. Sivyo. Shule ya Malangali, iliyo katika Mufindi ya leo, ilifunguliwa na serikali ya Kiingereza mwaka 1928. Mkuu wake, Mwingereza aliyeitwa Mumford, alitaka shule ifanane na maisha ya nyumbani kwa wanafunzi. Wazee waliitwa kufundisha mila, na vijana walivaa shuka la kufunga begani, mahali pa shati na kaptula za kizungu. Jaribio hilo halikudumu miaka mingi. Nawatajia habari hii ili mjue kwamba vazi la shule huchaguliwa na watu, na watu waweza kulichagua tena.

Sasa chukueni kalamu na daftari, tufanye hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Kila mmoja aweke bei za soko lake baadaye. Tuseme shati ni shilingi 10,000, kaptula au sketi 12,000, na sweta 15,000. Jumla ni 37,000. Viatu na soksi bado. Mwenye watoto watatu atahitaji 111,000. Tuseme debe la mahindi lauzwa 12,000. Gawanyeni. Mtapata madebe 9, na shilingi 3,000 zimebaki hazijalipwa. Yaani gunia moja na nusu la madebe sita sita, limekwenda kwa fundi.

Lakini jambo zito kuliko bei ni mwezi. Shule hufunguliwa Januari. Kwetu Nyanda za Juu Kusini, Januari mahindi yako magotini, yanadai mbolea ya kukuzia na palizi. Ghala la nyumba nyingi limekwisha kupungua, na mavuno ni mpaka Mei, Juni, hata Julai penye baridi. Mkulima wa Uporoto mwenye viazi aweza kupata fedha kidogo wakati huo. Mkulima wa mahindi peke yake hana. Hapo ndipo shule inamwambia: leta sweta. Naye hukopa, au huuza mahindi yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Nimewaona wazee wenye mashamba mazuri wakifungwa na deni la namna hiyo mwaka hata mwaka.

Na sweta kwetu si pambo. Anayekaa Mafinga au Kawetire mwezi wa Juni ajua nasema nini. Mtoto asiye na sweta hukaa darasani amejikunja, mikono kwapani, na kalamu imelala juu ya dawati. Sasa sikilizeni kituko. Katika shule moja nisiyoitaja, mtoto alikuja amevaa sweta nyekundu la mtumba, zito, zuri. Aliambiwa alivue, kwa kuwa sweta za shule ni kijani. Alilivua. Akatetemeka mpaka saa sita, lakini alilingana na wenzake! Mimi nasema kulingana kwa namna hiyo hakumfai mtu.

Twende kwenye sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria mpaka amalize. Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Lakini sare imebaki juu ya mzazi, pamoja na madaftari. Hapa wengi wamechanganyikiwa. Walisikia "elimu bila malipo", wakadhani na shati litatolewa. Halitolewi. Kwa upande mwingine, viongozi wa serikali wamesema mara nyingi, hasa Januari shule zifunguliwapo, kwamba mtoto asikataliwe kwa sababu hana sare. Apokewe, naye mzazi aendelee kutafuta. Fikirini wenyewe: sheria inamwambia mtoto njoo, lango la shule likimwambia rudi, yeye atakwenda wapi? Atakwenda kukaa katika mahindi mpaka wenzake watoke, kisha atarudi nyumbani pamoja nao.

Majirani zetu wamefanyaje? Ng'ambo ya mto Songwe, katika Malawi, serikali ilifuta ada za shule ya msingi mwaka 1994, ikasema pia kwamba sare si lazima. Wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Ada ndiyo iliyofanya kazi kubwa, bila shaka, na madarasa yalifurika mno hata walimu wakashindwa. Katika Kenya ya magharibi, mwaka 2003, wachunguzi waligawa sare bure kwa watoto wa darasa la sita katika baadhi ya shule, wakazilinganisha na shule ambazo hazikupewa. Baada ya miaka mitatu, pale pasipogawiwa, wasichana 19 katika kila 100 walikuwa wameacha shule. Palipogawiwa, waliacha 16. Waliopata mimba nao walipungua kutoka 16 mpaka 13. Wasichana watatu katika mia ni wachache, mtasema. Lakini hesabuni wasichana wa kata yenu.

Rai yangu ni hii, nanyi mna ruhusa kuikataa. Sare ibaki, maana ile faida ya barabarani na darasani naiona. Lakini iwe shati na kaptula au sketi ambazo fundi yeyote wa kijiji aweza kuzishona, wala shule isimlazimishe mzazi kununua duka moja tu. Sweta liwe la rangi yoyote, kwa sababu baridi haichagui rangi. Hizi nembo za kushonwa kifuani, na traksuti ya Ijumaa, na soksi zenye mistari, sioni zinamfundisha mtoto kusoma. Tena yule asiye na sare aingie darasani na kukaa pamoja na wengine, na maneno ya sare yawe kati ya mwalimu na mzazi. Mtoto hana fedha. Ya nini kumwuliza?

Nanyi wazazi mna la kufanya. Msingoje Januari. Nunueni kitambaa Julai au Agosti, mahindi yakiwa ndani, mkaacha upindo mrefu chini ya kaptula na sketi ili nguo ikue pamoja na mtoto. Sare iliyombana mkubwa msiiache ioze sandukuni, mpeni jirani.

Kamati ya shule huchaguliwa na ninyi, na bei ya sweta yaweza kuzungumzwa katika mkutano wa wazazi. Aliyekuwa akinyamaza kwa kuwa hakuweza kusoma tangazo la shule, sasa aweza.

Kazi ya leo. Kwanza, kila mmoja aandike sentensi tatu zenye neno sare. Pili, andikeni bei ya shati, kaptula au sketi, na sweta katika soko lenu, iwe Mwanjelwa, Tukuyu, Mafinga au Iringa mjini, mjumlishe. Tatu, mjadili: je, mtoto mwenye sweta la rangi nyingine aruhusiwe? Katibu wa darasa aandike majibu ya pande zote mbili, pamoja na ya wale wanaonipinga, kisha ayapeleke kwa Afisa Elimu wa Kata. Juma lijalo tutasoma kipimo cha mbolea, basi njooni na mfuko mtupu wa mbolea wenye maandishi.